Saa ya sindano ya koko: «8h» si saa nane



Juma hili katika ukurasa wetu wa jamaa tunaacha kidogo mambo ya mapishi na masomo ya watoto. Tunataka kuzungumuza juu ya saa ya ukutani, kwa sababu usiku mumoja saa hiyo ilikaribia kutuletea kilio nyumbani.

Nyumbani kwetu hapa Bukavu tunaishi na koko, mama ya baba watoto. Ana ugonjwa wa sukari tangu miaka mingi. Kwanza alikuwa anakunywa vidonge. Kiisha vidonge vikashindwa, na munganga akamuandikia insulini ile inayofanya kazi polepole, sindano moja kwa siku. Sisi wenyewe ndio tunamupiga sindano, kila siku saa mbili ya usiku, tukimaliza kula.

Siku moja tulikuwa na kazi ya mitihani, tukajua kwamba tutachelewa kurudi. Mutoto wa ndugu yetu, binti wa miaka kumi na tisa, akaja kukaa na koko. Yeye anajua kupiga sindano, alijifunza kwa mama yake mwenyewe. Tulimuambia: «Usiogope, kila kitu kimeandikwa kwenye karatasi ile ya ukutani.» Na ni kweli kilikuwa kimeandikwa. Kwenye karatasi tuliyopewa kulikuwa: yuniti 18, 8h.

Sisi tuliopokea karatasi ile tulijua kwamba 8h ni saa ya Kifaransa, na kwamba ni ya usiku. Binti aliona 8, akasoma saa nane. Saa nane ya muchana ilipofika, akanawa mikono, akamupiga koko yuniti 18, akafunga chupa na kuirudisha mahali pake. Alifanya yote vizuri. Sisi tukarudi saa moja na nusu ya mangaribi, yeye akatoka mbio kutafuta gari mbele giza halijakuwa kubwa. Hatukumuuliza kitu, naye hakutuambia kitu. Koko naye akanyamaza. Alizani wakubwa wa nyumba wanajua wanachofanya. Saa mbili kamili tukamupiga yuniti 18 zingine.

Usiku, saa nane, tukasikia kitu kinaanguka katika chumba chake. Tulimukuta ameketi kando ya kitanda, nguo imelowana jasho, mikono inatetemeka. Alikuwa anatuita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Tukampima sukari kwa mashini: 46.

Kwa mutu wa insulini, sukari ikiteremuka chini ya 70 ni lazima kufanya kitu palepale. Chini ya 54 ni hatari kubwa. Namba hizi ni zile za mashini zetu za hapa, za miligramu kwa desilita.

Kwa bahati koko alikuwa anaweza kumeza. Tulitia vijiko vine vidogo vya sukari katika nusu ya kopo la maji, akakunywa polepole. Tukangoja dakika 15, tukapima tena: 61. Tukarudilia vilevile. Dakika 15 zingine: 88, na akaanza kutujua. Kiisha tukamupa uji wa masoso. Hapo ndipo tulipopiga simu kwa binti, usiku uleule. Akajibu na usingizi machoni: «Nilimupiga saa nane, sawa vile imeandikwa.»

Yuniti 36 katika saa sita. Hatukulala tena. Tulimupima kila saa mpaka kukacha, kwa sababu insulini ya polepole haiishi haraka, na sukari iliyopanda kwa maji matamu inaweza kuteremuka tena. Asubui mapema tukamupeleka kwenye kituo cha afya, wakamuchunga mpaka jioni.

Binti hatukumugombeza. Alisoma kile tulichomuachia. Kosa lilikuwa letu: tulibandika ukutani saa ambayo mutu mumoja anaisoma saa mbili na mwingine saa nane.

Makala chini ya majivu

Wengi wetu tunasikia «insulini» tu, lakini kuko aina mbalimbali, na saa yake si moja.

Kuko ile ya haraka, inayopigwa wakati wa chakula. Hiyo ni kama moto wa majani makavu: inawaka mara moja, inaisha baada ya saa chache. Na kuko ile ya polepole, kama makala tunayofunika na majivu usiku kusudi asubui tukute moto bado uko. Kazi yake ni nini? Hata mutu asipokula, ini lake linaendelea kutoa sukari kidogo kidogo katika damu, usiku na muchana, kusudi ubongo na moyo vipate nguvu. Mutu muzima ana insulini yake ya kupokea sukari hiyo. Mugonjwa hana, ao iko na haitoshi. Ndiyo sababu anapigwa ile ya polepole, hata siku ambayo hana hamu ya kula sana.

Katika zile za polepole, wengi hapa kwetu wanajua ile inayoitwa NPH. Ina rangi nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Herufi H ya mwisho ni ya Hagedorn, munganga wa Danemark. NPH yenyewe ilitoka mwaka wa 1946. Inaanza kazi baada ya saa moja ao mbili, inakuwa na nguvu zaidi kati ya saa ya nne na ya kumi baada ya sindano, kiisha inapunguka. Mara nyingi haifiki siku nzima. Kwa hiyo wengi wanaipiga mara mbili kwa siku. Mbele ya kuivuta ni lazima kuviringisha chupa kati ya mikono polepole mpaka weupe uenee kote. Musiitikise kwa nguvu.

Ile inayoitwa glargine ni safi kama maji. Inafanya kazi karibu saa 24, bila kupanda sana katikati. Haichanganywi na insulini nyingine katika sindano moja. Kuko tena degludec, ambayo inaweza kufika saa 42. Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Ulimwenguni liliingiza hizi za siku nzima katika orodha yake ya dawa za lazima, lakini bei na upatikanaji vingali shida kwa jamaa nyingi.

Swali la kwanza la kila nyumba ni hili: yetu ni gani? Angalieni jina kwenye chupa, mulilinganishe na karatasi ya munganga. Na kama farmasi inawapa chupa yenye jina lingine, musianze kuipiga mbele ya kuuliza. Saa inaweza kubadilika, yuniti pia.

Kwa nini saa ileile?

Tufanye hesabu kidogo, sawa vile tunafanya na watoto wa shule. Tuseme insulini yetu inafanya kazi saa 24. Leo tunapiga saa mbili ya usiku. Kesho tunakawia mukutanoni, tunapiga saa tano ya usiku. Kwa saa tatu mwili umebaki karibu bila kitu, sukari inapanda. Kesho kutwa tunarudi kwenye saa mbili: sasa dawa ya jana haijaisha, na ya leo imeingia juu yake. Kwa saa tatu zimekuwa mbili pamoja, na sukari inaweza kuteremuka. Tukifanya hivyo kila juma, munganga ataona namba zinaruka juu na chini, atazani yuniti ndizo mbaya, kumbe ni saa.

Kukawia nusu saa siku moja hakuleti hatari kubwa. Kinachoharibu ni kupiga leo jioni, kesho usiku wa manane, kesho kutwa asubui.

Asubui ao usiku, ni gani muzuri? Kwa glargine saa yoyote inafaa kama ni ileile kila siku. Kwa hiyo chagueni pamoja na munganga saa ambayo mutu anayepiga sindano yuko nyumbani kweli. Mama anayetoka saa kumi na moja ya asubui kwenda kupanga bizaa Kadutu, asichague saa moja ya asubui. Yule anayeimba kwaya mara tatu kwa juma asichague saa kumi na mbili ya jioni.

Kama mugonjwa anaamuka usiku na jasho, ndoto mbaya, ao kichwa kinamuuma asubui, mumupime kati ya saa nane na saa tisa ya usiku, mara mbili ao tatu, muandike namba, muzipeleke kwa munganga. Kwa watu wa NPH, wakati mwingine munganga anatoa sindano kwenye saa ya chakula cha mangaribi na kuipeleka kwenye saa ya kulala, kusudi nguvu yake kubwa isiangukie katikati ya usiku. Lakini hiyo ni kazi ya munganga. Tusihamishe saa wenyewe kwa sababu jirani alihamisha yake.

Saa ya Kifaransa, saa ya Kiswahili, saa ya Kinshasa

Sisi watu wa mashariki tuna saa mbili katika kichwa kimoja. Shuleni na hospitalini tunasema Kifaransa: 8h, 14h, 20h. Nyumbani tunasema saa mbili, saa nane, saa mbili ya usiku. Kila siku tunavuka kutoka moja mpaka nyingine bila kufikiri, na mara nyingi hatukosei. Lakini kwa insulini kukosea mara moja kunatosha.

Kwa hiyo, kila mara munapopewa karatasi, musiondoke mbele ya kuuliza: «Ni asubui ao usiku?» Kiisha muandike wenyewe chini yake, mbele ya muuguzi, kwa njia tatu: 20h00, saa mbili ya usiku, baada ya chakula cha mangaribi. Kwa asiyesoma, muchore mwezi kwa usiku ao jua kwa asubui.

Kwa wasafiri pia kuko jambo. Nchi yetu ina saa mbili: Kinshasa iko nyuma yetu saa moja. Saa mbili ya usiku ya Bukavu ni saa moja ya usiku kule. Anayepanda ndege kwenda kuona watoto Kinshasa, na anataka kulinda saa yake, apige saa moja ya usiku ya kule. Wafanyabiashara wanaokwenda Kampala ao Dar es Salaam, kule wako mbele yetu saa moja: saa mbili yetu ni saa tatu yao. Kigali na Bujumbura ni sawa na sisi. Muwe waangalifu, kwa sababu simu nyingi zinabadilisha saa zenyewe bila kuwaambia. Na katika safari insulini ikae katika mufuko wa mukononi, isiingie katika mizigo ya chini ya ndege.

Tukisahau

Kila mutu atasahau siku moja. Kanuni ya kwanza: tusipige mbili pamoja kusudi kulipa deni la jana. Kanuni ya pili: kama hatujui kweli kama sindano imepigwa ao hapana, tusipige kwa kubahatisha; tupime sukari, tuulize wote wa nyumbani, tupigie muuguzi simu. Kanuni ya tatu ni ya kufanya leo, mbele ya kusahau: muulize munganga, «Nikikumbuka baada ya saa mbili, nifanye nini? Nikikumbuka asubui yake?» Jibu halifanani kwa NPH na kwa glargine, wala kwa mutoto na kwa muzee. Liandikwe nyuma ya karatasi.

Na kama, sawa vile ilivyotupata sisi, sindano zimekuwa mbili: musingoje jasho. Mupime mara moja, mumupe chakula, sukari ikae karibu, mupime kila saa, na muende kwenye kituo cha afya hata kama mugonjwa anasema yuko sawa. Kama amepoteza fahamu, musimutie kitu kinywani, anaweza kupaliwa. Mumulaze ubavu na mukimbie hospitali.

Juu ya kufunga na mikesha

Tunajua wamama wengi wa chama chetu wanafunga na kuomba. Hatuwezi kuwaambia waache kuomba. Lakini mwenye insulini anayefunga bila kumuambia munganga anajiweka katika hatari pande mbili. Akipiga yuniti zake zote na hakuli, sukari inaweza kuanguka. Akiacha sindano kabisa kwa sababu hali, ini bado linatoa sukari, na damu inajaa. Aende kwa munganga mbele ya mufungo. Huenda atapunguziwa yuniti, huenda ataambiwa asifunge. Kuko njia nyingine za kumutolea Mungu, na tunazani wachungaji wetu wataelewa.

Kwa mukesha, mutu aende na mashini yake, sindano yake kama saa inaangukia kule, na soda ao sukari katika mufuko.

Na neno moja zito. Yule anayeambiwa atupe insulini kwa sababu ameponywa ao amepewa majani ya kunywa, asitupe. Mutoto mwenye ugonjwa huu anaishi kwa insulini tu. Mwaka wa 1922 kule Toronto, Kanada, kijana Leonard Thompson wa miaka 14 alikuwa karibu kufa, na insulini ikamurudisha. Mbele ya hapo hakuna mutoto wa namna hiyo aliyekuwa anakaa muda murefu. Mutoto anayekunywa maji bila kukoma, anakojoa sana, anakonda, kiisha anatapika na kupumua kwa nguvu, musiseme ni malaria tu. Muombe wamupime sukari siku ileile.

Pa kuiweka

Chupa ambazo hazijafunguliwa zinakaa kwenye frigo, kati ya digri 2 na 8, mbali na barafu. Insulini iliyoganda inatupwa. Chupa iliyofunguliwa inaweza kukaa nje, mahali pasipo na jua wala joto la jiko, kwa kawaida majuma mane. Andikeni tarehe ya kufungua juu yake.

Umeme ukikatika, musivunjike moyo. Hapa Bukavu baridi yetu inatusaidia. Kwa ndugu wa Uvira, ambako joto ni kali, kuko njia ya vyungu viwili: kidogo ndani ya kikubwa, katikati muchanga unaomwagiliwa maji, juu kitambaa kilicholowa. Maji yakikauka yanaondoa joto. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walijaribu jambo hili kutokana na joto la kambi ya Dagahaley kule Kenya, na mwaka wa 2021 wakatangaza kwamba insulini walizopima zilibaki na nguvu yake kwa majuma mane katika joto la kupanda na kushuka kati ya digri 25 na 37. Kwa hiyo mutu asiache sindano kwa sababu hana frigo. Aulize namna ya kuiweka.

Daftari la koko

Nyumbani kwetu tulibadilisha mambo mane, na hakuna lililotuomba franga nyingi.

Tuliondoa karatasi ile ya zamani, tukaandika mupya kwa njia tatu, na mwezi umechorwa juu.

Tulinunua daftari la shule. Lina mistari mitano: tarehe, saa, yuniti, namba ya sukari, jina la aliyepiga. Jina linaandikwa mbele chupa haijarudi mahali pake, si kesho yake.

Tulikubaliana kwamba anayetaka kupiga sindano anafungua daftari kwanza. Akikuta jina la leo liko pale, anafunga na kwenda zake.

Na tulimupa koko kazi. Yeye ndiye anauliza: «Umeandika?» Mutu asipojibu, koko hatoi mukono. Hata sisi tumekwisha kukataliwa.

Binti alirudi kwetu kipindi cha likizo. Mara ya kwanza alikataa kushika sindano, akasema anaogopa. Tuliketi naye, tukamuonyesha karatasi mupya, tukapiga pamoja siku tatu. Siku ya ine alipiga mwenyewe, akaandika jina lake kwa herufi kubwa, na koko akamuambia: «Sasa na saa uandike.» Akaandika: 20h00, saa mbili ya usiku.

Wamama, jioni ya leo mutoke na karatasi ya mugonjwa wenu, muisome kwa sauti mbele ya watu wote wa nyumba. Muulize kila mumoja, hata mutoto mukubwa: hii ni saa ngapi? Kama majibu ni mawili, musilale mbele ya kuandika upya. Wale ambao hawana wa kuwaandikia, waje na karatasi yao kwenye mukutano wetu, tutawaandikia. Lakini yuniti na saa vitatoka kwa munganga wao, si kwetu.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.